Mkono wa Zamda Kwenye Kibao cha Asali

Zamda aliuona mkono wake juu ya mlango wa ushirika wa asali, Jumamosi saa tatu asubuhi, na watu walikuwa wanaupigia makofi.

Hakuwa ametumwa huko. Mama yake alimtuma sokoni akanunue karanga na tangawizi kwa ajili ya wageni wa alasiri, wageni ambao Zamda alikuwa amewaombea dua miezi minane. Lakini vigelegele vilimvuta. Alipofika mbele ya ghala la wafuga nyuki akakuta umati, na katikati ya umati mwenyekiti wao, Masolwa, mtu mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mbuga. Masolwa akavuta kitambaa chekundu. Kibao kikabaki wazi.

Kilikuwa kibao kizuri, ukweli usemwe. Ukingoni kilipakwa kijani cha miombo iliyonyeshewa, katikati duara la njano, na ndani ya duara mkono wa kulia wa mwanamke, kiganja juu, umebeba sega la asali. Tone moja lilikuwa limening'inia kwenye kidole cha mwisho, halijaanguka. Na kidole hicho kilikuwa kimepinda. Kilipinda kwa ndani kwenye kiungo cha pili, kama ndoano.

Zamda akauingiza mkono wake wa kulia ndani ya kanga haraka, kama mtu aliyeungua.

"Mwangaluka!" Masolwa akawasalimu kwa Kinyamwezi, wakaitikia. "Mnakiona kidole? Fundi angeweza kutunyooshea. Hakunyoosha! Huo ni mkono wa mtu wa kazi. Siyo hii mikono yenu ya mjini, nyuki akiitazama anaihurumia."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja muuza vitumbua akapaza sauti: "Mwenyekiti, huyo mwenye mkono ana mume? Kaka yangu anatafuta!"

"Ni wa ushirika huyo! Mume wake ni sisi wote!"

Kicheko kikazidi. Zamda hakucheka. Alihisi kama wamemvua kanga barabarani. Akageuka, karanga hazijanunuliwa, akaanza kutembea upesi kuelekea barabara ya stesheni, na kila hatua alikuwa anasikia sauti ya baba yake ya juzi.

Maana juzi, Alhamisi, alikuwa ameapa.

Baba yake, Mzee Mabruki, alikuwa fundi cherehani anayejulikana mji mzima, mshonaji wa kanzu na bendera. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kijiji kipya, kila ushirika, kila timu na kila kwaya ilitaka kuwa na alama yake, muhuri wake na bendera yake. Alama hizo alikuwa anazichora kijana mmoja wa mtaa wa Cheyo, Dionis, mtoto wa Kikatoliki asiye na baba. Dionis anachora, Mabruki anashona, Zamda anatarizi. Hivyo ndivyo kijana alivyoingia nyumba ile, na karatasi iliyoviringwa kwapani. Alikuja na simba wa timu ya mpira, akaja na kinubi cha kwaya, akaja na mche wa tumbaku, na kila alipokuja alichelewa kuondoka kuliko mara iliyopita, mpaka siku moja Zamda alipoinua macho kutoka kwenye sindano akakuta mtu anamtazama kama anavyotazama kitu anachotaka kukikumbuka. Hakuinama tena. Na yeye akatazama.

Nyumba ilikuwa na mipango mingine. Nassibu, mtoto wa binamu yake Mabruki, mfanyabiashara wa Ujiji, alikuwa anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuleta posa. Zamda alilia wiki tatu. Akagoma kula mpaka shangazi zake wakaingilia, na baba, ambaye si mtu wa maneno, akamwita kibarazani. Sindano ilikuwa bado mdomoni mwake.

"Kijana huyu nimemkubalia aje. Amesema atasilimu, hilo ni lake na Mungu wake. Wa Ujiji nitajua nitamwambia nini. Nakuuliza neno moja tu, Zamda. Umewahi kukaa naye peke yenu ndani ya nyumba hii?"

"Sijawahi, baba."

"Apa."

"Wallahi."

Ulimi wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayesema nimeshiba. Ewe msichana mwenye mchumba, jihadhari na kiapo chepesi. Kinatoka bila kuuma.

Alikuwa amekaa naye mara nne. Baba alikuwa amekwenda Ujiji kumwona kaka yake mgonjwa. Mama, Bi Mwanamkuu, ambaye moyo wake ulikuwa laini kwa kijana yule, alikaa ua wa nyuma akitwanga, na kila walipomsikia anatwanga walijua hajarudi ndani. Alasiri nne. Dionis hakumgusa hata ncha ya kucha. Alimwomba tu autandaze mkono juu ya meza ya kukatia nguo, akauchora kwa penseli, polepole, akifuta na kurudia, akisogea karibu mpaka Zamda akahisi pumzi yake kwenye kiganja. Hakuna aliyewahi kuutazama mkono ule isipokuwa kwa huruma. Yeye aliutazama kana kwamba uliumbwa hivyo makusudi.

"Karatasi hii utaichoma," Zamda alimwambia siku ya nne.

"Nitaichoma."

* * *

Kibanda cha Dionis kilikuwa nyuma ya maduka, barabara ya kwenda stesheni. Zamda hakupiga hodi. Alimkuta amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anajaribu kujitoa rangi ya njano kwenye kucha kwa mafuta ya taa. Alipomwona, uso wake wote ukafunguka.

"Zamda! Mbona umekuja huku, tunaonana saa kumi... Umekiona?" Akacheka kwa furaha. "Umekiona kibao?"

"Nimekiona."

"Nilitaka ukute tu. Nilitaka siku ya leo..."

"Ulisema utaichoma!"

Kicheko kikakatika. Dionis akaweka kitambaa chini.

"Nilishindwa," akasema.

"Ulishindwa kuwasha kiberiti?"

"Nilikiwasha. Nilikiwasha mara mbili, Zamda." Akamsogezea kigoda, hakukaa. "Nisikilize. Wewe unaijua kazi yangu. Wote wanakuja hapa wanataka alama ambayo watu wakiiona watawaamini. Kijiji kimoja kimeniletea barua, wanataka jembe, trekta, kitabu, ng'ombe, jua linachomoza, na mwenyekiti wao akitabasamu, vyote ndani ya muhuri mdogo kama kizibo cha soda. Hao nawaweza. Lakini Masolwa alisema, nataka mkono. Nikamchorea mikono tisa. Yote nimeitoa kichwani. Akaitazama, akasema, kijana, mikono hii haijawahi kushika kitu. Na alikuwa anasema kweli. Ilikuwa mikono ya sanamu za duka la nguo! Basi nikaitoa karatasi yako, nikasema nitaangalia tu jinsi kidole gumba kinavyokaa."

"Kidole gumba."

"Nikaangalia, nikashindwa kuondoka. Masolwa alipouona alinyamaza kabisa, Masolwa yule! Akasema, huyu namwamini. Unajua nilijisikiaje? Nilitaka mji mzima useme hivyo juu yako."

Kama angekuwa na hasira peke yake, Zamda angempiga. Lakini maneno yale yalimwingia mahali palipokuwa na njaa, na machozi yakaanza kumtoka bila ruhusa.

"Kifute, Dionis."

"Kufuta vipi? Kimeshatundikwa. Lebo zimechapwa, zimebandikwa kwenye makopo, makopo yameshapakiwa kwenye treni ya Dar. Muhuri nimeuchonga kwa mikono yangu mwenyewe." Akamsogelea. "Kuna ubaya gani? Leo nakuja na mjomba Anselm, nakuposa mbele ya watu. Kesho kutwa wewe ni mke wangu. Mkono wa mke wangu ukikaa juu ya asali nani atauliza?"

"Baba atauliza. Leo. Aliniuliza juzi kama tumewahi kukaa peke yetu, nikasema hapana. Nimeapa, Dionis. Nimemtaja Mungu."

Dionis akakaa yeye kwenye kigoda.

"Kwa nini uliapa?"

"Kwa nini hukuchoma?"

Wakatazamana. Nje baiskeli ilipita ikipiga kengele, mtu akamwita mwenzake kwa jina, mji ukaendelea na mambo yake.

"Basi tumwambie," Dionis akasema taratibu. "Nitaanza mimi. Nitasema, mzee, nilikaa na binti yako mara nne, sikumgusa, nilimchora mkono, na kosa ni langu."

"Na mama?"

"Mama yako amefanya nini?"

"Alikuwa uani anatwanga! Nani alikufungulia mlango? Baba atamwuliza, Mwanamkuu, ulikuwa wapi mimi nikiwa safarini? Shangazi yangu mmoja aliachwa kwa jambo dogo kuliko hilo, kwa kumsindikiza jirani harusini bila ruhusa. Mama hana kwao pa kurudi, Dionis, wazazi wake wamekufa. Nimpeleke wapi mama yangu? Nimlaze humu kwenye makopo yako ya rangi?"

"Zamda..."

"Akikuuliza mkono ni wa nani, kana. Sema umeutunga. Sema wa mama yako, wa yeyote, sijali. Kana leo tu, tupite leo, tukishaoana nitamwambia mwenyewe."

"Siwezi kuukana." Alisema kwa sauti ndogo mno. "Hicho ndicho kitu kimoja nilichowahi kukichora sawasawa."

"Kama unanipenda utaukana."

Ndugu zangu, wako wasichana wengi wamelitumia neno hilo. Halina jibu. Dionis aliutazama mkono wa Zamda, uliokuwa umetoka kwenye kanga kufuta machozi, akaushika kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Kidole chenye rangi ya njano kikapita juu ya kidole kilichopinda. Hakusema ndiyo. Aliinamisha kichwa tu, na Zamda akaelewa.

* * *

Walikuja baada ya swala ya alasiri, wakazisimamisha baiskeli zao ukutani. Zamda na mama yake walikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, bega kwa bega, na kati yao sinia ya michembe ya viazi vitamu na karanga zilizonunuliwa kwa kuchelewa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuipeleka.

Zamda alikuwa amemwambia mama kila kitu. Bi Mwanamkuu hakumgombeza. Alikaa chini tu kitako jikoni, akasema, "Sasa mimi ninakwenda wapi?" Na tangu hapo hakuwa ameuachia mkono wa binti yake.

Kupitia upenyo wa pazia Zamda aliwaona. Mjomba Anselm, katekista wa Ndono, mrefu, mkavu, rozari mfukoni inaonekana ncha. Alikuwa amekuja kwa sababu Dionis hakuwa na mzee mwingine, na uso wake ulisema wazi kuwa anaombea safari ishindikane. Dada yake Apolinaria, mama wa Dionis, alikuwa amelala na homa tangu alipoambiwa mwanawe atabadili dini. Dionis alikaa pembeni yake kwenye jamvi, mgongo wima. Rangi ya njano haikuwa imetoka yote kwenye kucha.

"Hali zenu, wageni."

"Njema, mzee. Shikamoo," Dionis akasema.

"Marahaba."

Mzee Mabruki hakuendelea na salamu. Aliweka mkono nyuma yake, akatoa kopo la asali, akaliweka katikati ya jamvi, lebo ikiwatazama wageni. Zamda akasikia pumzi ya mama yake inakatika.

"Masolwa amenipa zawadi nikitoka msikitini," Mabruki akasema. "Kazi yako nzuri, Dionis."

"Ahsante, mzee."

"Mkono huu ni wa nani?"

Dionis aliinua macho, si kwa mzee, bali juu ya bega lake, kwenye pazia. Zamda alijua anaonekana upenyoni. Ilikuwa nafasi ya kutikisa kichwa kwa namna moja au nyingine, hakuna zaidi ya hapo. Vidole vya mama yake vilikuwa vimemkaba kifundo cha mkono mpaka damu haipiti.

Akatikisa kichwa: usiseme.

"Nimeutunga, mzee. Kichwani."

"Kichwani." Mabruki akaligeuza kopo kidogo. "Mimi nimekata nguo miaka thelathini. Mtu akitunga bega, anatunga bega zuri. Akitunga kidole, anatunga kilichonyooka. Kidole hiki hakikutungwa. Kilikaa mbele yako. Nakuuliza mara ya pili, kwa upole, maana umekuja nyumbani kwangu kwa heri. Ni wa nani?"

Jasho lilikuwa linamtoka Dionis kwenye paji la uso. "Ni... wa binti mmoja. Wa kwetu, Ndono."

"Ana jina?"

Hakuwa nalo. Zamda aliona kabisa kwamba hakuwa nalo, kwamba alikuwa anatafuta kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na akashika la kwanza alilolikuta, jina la msichana ambaye mama yake Dionis alikuwa anamwimbia kila Jumapili kwamba amwoe.

"Flavia."

Mjomba Anselm akageuza kichwa. Akamtazama mpwa wake, kisha akalitazama kopo muda mrefu. Alimfahamu Flavia tangu siku ya ubatizo wake. Alimfundisha katekisimu, akamwona ananyoosha mkono darasani kujibu maswali, vidole vitano vimenyooka kama mishumaa.

"Ndiyo," Anselm akasema. "Nakijua kidole hicho. Aliumia utotoni."

Zamda akaona macho ya Dionis yanapanuka. Uongo wake ulikuwa umepata shahidi.

"Na ulikaa naye siku ngapi ukiutazama hivi?" Mabruki akauliza. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nne."

"Peke yenu?"

"Peke yetu, mzee."

"Dionis." Mabruki akainama mbele, mikono juu ya magoti. "Nitakuuliza mara ya tatu, na ya nne sitauliza. Angalia vizuri. Mkono huu, ambao umeuchora mpaka mistari ya kiganja, unaniambia ni wa Flavia?"

Nyuma ya pazia Zamda alifungua kinywa. Wallahi, safari hii alitaka kusema kweli. Lakini mama akamvutia kwake, akamnong'oneza sikioni, "Nyamaza, mwanangu, utaniua." Na Dionis, aliyekuwa anatazama pazia akingojea, hakuona kitu ila kitambaa.

"Ni wa Flavia," akasema.

Mzee Mabruki akanyooka. Alionekana kama mtu aliyebeba gunia akalitua mahali pasipo pake.

Hapo ndipo Anselm alipokohoa na kujiweka sawa kwenye jamvi. "Mzee Mabruki, mimi nilikuja hapa kwa kazi nyingine, Mungu anisamehe. Lakini sisi wa Ndono tuna desturi yetu. Msichana hatajwi bure mbele ya wazee. Kijana akimtaja, akasema amekaa naye peke yao, amemposa. Akirudi nyuma amemvunjia heshima yeye na wazazi wake, na hakuna mwingine atakayemchukua. Hata ninyi nadhani ni hivyo hivyo."

"Ni hivyo hivyo," Mabruki akajibu.

"Mjomba," Dionis akasema.

"Umemtaja au hukumtaja?"

"Mjomba, ngoja kwanza..."

"Nakuuliza mbele ya mzee wa watu. Umemtaja, au umekuja nyumbani kwake kumdanganya?"

Dionis alifungua mikono yake miwili, akaitazama. Ile mikono ambayo ilijua kuchonga muhuri wa kijiji kizima kwenye soli ya kiatu, haikujua ifanye nini. Akisema amedanganya, swali linalofuata lingekuwa la Zamda, na baada ya Zamda, la mama.

"Nimemtaja."

"Mzee Mabruki, wewe ni shahidi."

"Mimi ni shahidi," Mabruki akasema, na kila mtu nyumba ile akasikia. Wakapeana mikono. Katika chumba kile hapakuwa na mtu mmoja aliyedanganyika, na bado uongo ulisimama katikati yao, ukapewa mkono kama mgeni.

Anselm alitoka kwanza. Dionis alichelewa kuvaa viatu. Aliinama mlangoni akifunga kamba moja, akaifungua, akaifunga tena, na alipoinuka alilitazama pazia kwa mara ya mwisho, kwa yale macho ya kukikumbuka kitu. Zamda akaweka kiganja chake juu ya kitambaa, upande wa ndani. Sijui kama aliona. Mjomba wake alimwita, baiskeli zikateremka kwenye mchanga, zikashika barabara ya Ndono, na sauti ya kengele ikapungua, ikapungua, ikaisha.

Bi Mwanamkuu aliachia mkono wa binti yake. Alama za vidole vyake zilibaki kwenye ngozi.

"Tumepona," akasema, akaanza kulia.

Zamda hakumsikia. Alikuwa ameshalifungua pazia. Baba yake alikuwa bado amekaa palepale kwenye jamvi, kopo mbele yake. Zamda akapiga magoti, akautandaza mkono wake wa kulia kando ya lebo, kiganja juu.

"Baba. Ni wangu."

"Najua."

Alisema bila kumtazama.

"Kidole hiki nilikifunga mimi," akaendelea. "Ulikuwa na miaka minne, umeanguka na mchi. Nilikifunga kwa kijiti cha mtama na kipande cha kitambaa, nikakifunga vibaya, mimi fundi wa kupima. Kila ukinipa maji nakiona. Halafu Masolwa ananiletea kopo, anafikiri ananipa asali."

"Ulijua, na ukamwuliza?"

"Nilitaka aseme. Mwanamume ameuona mkono wa mwanangu hivi, amekiona nilichokiharibu akakifanya kitu cha kutundikwa juu ya mlango. Nikasema nafsini, huyu akiniambia usoni kuwa ni wa Zamda, nitampa, na la Ujiji nitalimaliza. Nilimwuliza mara tatu. Mara tatu aliukana."

"Mimi ndiye niliyemtuma aukane!" Sauti ilimtoka Zamda kama ya mtu mwingine. "Mimi, baba! Niliogopa utamwacha mama. Alikuwa uani siku zile, alijua."

Mzee Mabruki akageuza uso kuelekea pazia, kilio cha mkewe kilikotoka, na kilio kile kikanyamaza.

"Mwanamkuu nimekaa naye miaka ishirini na miwili," akasema. "Niliporudi kutoka Ujiji nilikuta unga wa kulisha harusi. Nikajiuliza, mke wangu alikuwa anatwanga nini siku zote hizo? Nikanyamaza. Nimwache kwa unga?"

Zamda alibaki ameinama, mkono bado umetandazwa, kana kwamba kuna mtu anauchora. Halafu akainuka ghafla, kanga ikadondoka, akashika kizingiti.

"Hawajafika mbali. Nikimbie, baba? Nikamwite?"

Mzee Mabruki alichukua kopo, akaligeuza mpaka lebo ikatazama ukuta.

"Ukamwite nani, mwanangu?" akasema. "Aliyetoka hapa ni mchumba wa binti wa watu. Na shahidi wake ni mimi."